Kisu kilichokwaruzika: soma mikwaruzo kabla ya kushika msasa

Bapa la kisu kipya linalong'aa kwa upole limejaa mikwaruzo, maelfu kwa maelfu. Yote imeelekea upande mmoja na ina kina kimoja, ndiyo maana jicho haliioni. Linaona mng'aro tu. Mkwaruzo unaokera ni ule uliokatiza wenzake, au uliozama kuliko wenzake. Kurudisha sura ya kisu ni kuipanga mikwaruzo hiyo upya, na anayeanza kusugua kabla hajajua ya asili ilielekea wapi huishia na bapa baya kuliko alilolikuta.

Osha kisu kwa sabuni, kikaushe, kisha kishike chini ya taa moja kali inayomulika kutoka ubavuni. Kizungushe polepole. Mistari ya kiwandani itawaka yote kwa pamoja bapa likifika pembe fulani. Mikwaruzo ya ugeni itawaka kwa pembe nyingine. Hapo utajua kama mistari ya asili inatoka mgongoni kwenda makalini, au inatoka mpinini kwenda nchani. Andika, au piga picha, kwa sababu baada ya dakika tano za msasa ushahidi huo utakuwa umefutika. Mwisho pitisha ukucha kukatiza mkwaruzo. Ukiteleza, kazi ni nyepesi. Ukinasa, soma hadi mwisho kabla hujaamua lolote.

Hakikisha pia kwamba kisu chenyewe ni cha kupigwa msasa. Visu vilivyopakwa utando wa rangi (mweusi, wa dhahabu, au ule wa kuzuia chakula kisigande) havina dawa: msasa hutoboa utando na kuacha kipara kinachoonekana kuliko mkwaruzo wa mwanzo. Ni hivyo hivyo kwa visu vya Kijapani vilivyoachiwa ngozi nyeusi ya tanuri, na kwa mabonyeo ya nyundo, ambayo msasa hulamba vilele vyake tu. Hivyo safisha, kausha, tumia.

Mikwaruzo inasema ilikotoka

Usipoondoa chanzo utairudia kazi hii mwezi ujao, kwa hiyo soma mwelekeo kwanza. Mikwaruzo ya duara, mingi na myembamba, ni ya dodoki la kijani la kusugulia masufuria. Nyuzi zake zimegandishwa chembe za oksidi ya alumini, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha kisu chochote. Mikwaruzo mirefu iliyo sambamba na makali, ndani ya milimita chache kutoka ukingoni, ni ya kunoa: ama kisu kililazwa mno kikagusa kinoo kwa ubavu, ama tope la kinoo lilinaswa chini ya bapa. Michache iliyokatiza hovyohovyo karibu na ncha ni ya droo ambamo visu hugongana na vijiko. Ikiwa pande zote mbili zina mistari inayofanana kutoka mgongoni kwenda makalini, shuku nafasi ya kuchomekea kisu kwenye kigogo cha visu. Mchanga mdogo ukiingia mle hukwaruza kila kisu kinapochomolewa.

Mikwaruzo ya kunoa inastahili neno la ziada. Watu wengi huipiga msasa vizuri, wakanoa, ikarudi siku hiyo hiyo. Kabla ya kunoa bandika tepu ya karatasi kwenye bapa lote, ukiacha milimita 3 za ukingo wazi, na shikilia nyuzi 15 hadi 20. Tepu ikichanika, umelaza kisu mno.

Dalili: bapa limefifia, ukucha haunasi

Usianze na msasa. Mara nyingi kinachoonekana kama wingu la mikwaruzo ni chokaa ya maji na utando wa sabuni. Futa kwa kitambaa chenye siki kwa dakika moja au mbili, suuza, kausha. Kama kisu ni cha chuma cha kaboni, ruka siki, maana asidi hukigeuza kijivu haraka. Tumia ujiuji wa bikabonati ya soda, sehemu 3 za unga kwa 1 ya maji, ukisugua kufuata mistari ya asili.

Wingu likibaki, ni mikwaruzo ya kweli. Kwa bapa la mistari, kifaa kizuri kuliko vyote ni pedi ya nyuzi ya mafundi ya rangi ya kijivu. Ile nyekundu iliyokolea hukwaruza zaidi. Ianze tu kama ya kijivu haikufua dafu. Izungushie kibao bapa, ilowanishe, kisha vuta mapigo marefu ya upande mmoja, 10 hadi 20, bila kurudi nyuma. Kwa bapa lililong'arishwa kama kioo pedi itaharibu: hapo tumia dawa ya kung'arishia metali kwenye kitambaa laini, na ikishindikana msasa wa maji wa P2000 (namba ya msasa ikipanda, chembe zake ni ndogo zaidi) ukifuatwa na dawa ya almasi ya mikroni 3, kisha mikroni 1.

Dalili: mkwaruzo unanasa ukucha

Hapa piga hesabu. Mkwaruzo wenye kina cha mikroni 50, yaani sehemu ya ishirini ya milimita, hauondoki kwa kusugua palipo mkwaruzo. Ni lazima bapa zima lishuke mikroni 50, la sivyo utachimba bonde. Mgongoni, penye unene wa milimita 2 au zaidi, hiyo si kitu. Nyuma kidogo tu ya makali, ambako chuma kina robo hadi nusu milimita, ukitoa kiasi hicho pande zote mbili umekonda kisu kwa sehemu kubwa, na makali yataanza kumeguka. Ushauri wetu hauna kigugumizi: mkwaruzo wa kina ulio karibu na makali uache. Lainisha kingo zake kwa msasa wa P800 usikamate mwanga, na uishi nao.

Ukiwa juu, karibu na mgongo, endelea hivi.

1. Ua makali kwanza. Simamisha kisu wima juu ya kinoo na uvute mara mbili au tatu kwa uzito wa kisu chenyewe. Kisu butu hakikati msasa wala vidole, na utakinoa mwishoni. Kwa kazi ndogo inatosha kufunika makali kwa tabaka 2 za tepu ya karatasi.
2. Laza bapa juu ya ubao mnyoofu, mpini ukining'inia nje, makali yakikaa juu ya ubao bila kuchungulia ukingoni. Kaza kwa klempu, ukitanguliza kitambaa au kipande cha ngozi.
3. Kata msasa wa maji vipande vya upana wa sentimita 2.5 na uvizungushie kibao cha mti mgumu. Usitumie kidole kitupu. Ikiwa bapa limetuna kidogo, weka ngozi ya milimita 2 kati ya kibao na msasa.
4. Lowanisha: matone 2 ya sabuni ya vyombo kwenye kikombe cha maji. Chuma cha kaboni kipewe mafuta ya cherehani, kwa kuwa maji hukitia kutu ukiwa bado kazini.
5. Jaribu P600 kwenye eneo dogo. Kama mapigo 20 hayajapunguza mkwaruzo, shuka P400, kisha P320. Chini ya P220 usishuke. Mikwaruzo utakayojitengenezea itakugharimu muda kuliko ile uliyokuja kuifuta.
6. Panda hatua kwa hatua hadi namba inayolingana na sura ya asili. Bapa la mistari huishia P400 hadi P800; anayepanda zaidi anatengeneza sura nyingine.

Kwenye kila namba badili mwelekeo. P320 piga mshazari wa kulia, P400 mshazari wa kushoto, na kuendelea. Hujamaliza namba hadi mistari ya mwelekeo uliopita imetoweka yote, na kwa kuwa inakatiza ya sasa utaiona bila shida. Namba ya mwisho peke yake ndiyo inayofuata mwelekeo wa asili. Kama asili ni mgongoni kwenda makalini, vuta hivyo hivyo na uinue mkono. Usisukume kamwe kutoka makalini kwenda mgongoni, hata kama kisu ni butu.

Ulipiga msasa na sasa sura ni mbaya zaidi

Malalamiko mengi yanatoka hapa, na karibu yote yana sababu chache zilezile.

Bapa linang'aa, lakini likipinduliwa kwenye mwanga mistari mirefu inajitokeza chini ya mng'aro. Hiyo ni mikwaruzo ya namba uliyoipita haraka. Chembe ya P220 ina wastani wa mikroni 68, ya P400 mikroni 35, ya P800 takriban 22, ya P1500 karibu 13. Anayeruka kutoka P220 hadi P800 anaiomba chembe ndogo ijaze kazi ya chembe kubwa mara tatu. Inachofanya ni kung'arisha vilele na kuacha mabonde. Dawa ya kung'arishia haitasaidia, itayafanya mabonde yaonekane zaidi. Rudi namba mbili nyuma. Inauma, lakini njia ya mkato haipo.

Kosa la hila zaidi ni kuchanganya vipimo. Msasa wenye herufi P mbele ya namba unafuata kipimo cha Ulaya. Usio na P unaweza kuwa wa kipimo cha Marekani, na vipimo hivyo hutengana kadiri namba zinavyopanda. 600 ya Marekani ni laini kama P1200. Namba za vinoo vya maji vya Kijapani nazo ni ukoo mwingine. Nunua msasa wote wa kazi moja kwenye kipimo kimoja.

Mkwaruzo mmoja mnene unatokea ghafla katikati ya P1000. Ni chembe ya msasa uliopita iliyobaki kwenye kibao, kwenye maji, au kwenye kitambaa. Kila unapopanda namba osha kisu, osha mikono, mwaga maji, badili kitambaa. Usiweke msasa wa P220 na wa P1500 kwenye bahasha moja.

Mistari mizuri inaishia na vikulabu, kama ndoano ya samaki, hasa karibu na mpini. Huko ndiko mkono unakosimama na kugeuka, na chembe zilizong'oka hubingirika chini ya msasa badala ya kukata. Kwa mapigo ya mwisho anza mpinini, vuta kuelekea nchani, inua kibao kikiwa bado kinatembea, kirudishe hewani, anza tena. Chukua kipande kipya kila baada ya mapigo machache na futa tope la chuma kila mara. Msasa uliochakaa haukati, unasugua tu, nao ndio mama wa vikulabu. Hapa ubahili wa karatasi haulipi.

Bapa limekuwa na mawimbi, au mabaka yanayong'aa kwa viwango tofauti. Ulitumia kidole. Kidole hukandamiza kwa ncha tatu au nne na kuchimba mifereji myepesi ambayo mwanga huifichua mara moja. Kibao kigumu, namba ya kwanza tena, hadi mabaka yakutane.

Kwenye bapa la kioo, ukungu mweupe uliobaki mwishoni huwa ni shinikizo. Dawa ya mikroni 1 inataka mkono mwepesi na ngozi safi isiyowahi kuguswa na dawa ya mikroni 3. Paka kiasi cha punje ya mchele kwa bapa zima. Ikizidi, chembe huogelea na kutia ukungu.

Kisu kimegeuka rangi ya majani makavu, hudhurungi au buluu

Ikiwa ulitumia grinda au gurudumu la umeme, hilo ni joto. Kwenye chuma cha kaboni rangi ya majani makavu huja karibu nyuzijoto 220 za selsiasi, buluu karibu 300. Visu vingi vya jikoni, baada ya kugumishwa kiwandani, vilipashwa tena kwa takriban nyuzi 200 au chini yake, kwa hiyo rangi yoyote ukingoni maana yake chuma hapo kimelainika, na kung'arisha rangi iondoke hakurudishi ugumu. Njia iliyopo ni kunoa mpaka sehemu iliyobadilika iishe. Chuma kisichoshika kutu huchelewa kuonyesha rangi. Kinaweza kuwa kimeshalainika bila kukuonya.

Gurudumu la kitambaa la kung'arishia lina hatari nyingine kubwa zaidi. Likinasa makali au ncha hukipokonya kisu mkononi na kukirusha. Usilitumie kwa kisu cha jikoni. Mapigo ya mkono yanachukua saa moja zaidi na yanakuachia vidole vyote.

Rangi ya buluu na kijivu iliyokuja yenyewe kwenye kisu cha kaboni baada ya kukata matunda na nyama ni jambo jingine. Huo ni utando unaokilinda na kutu nyekundu. Kuusugua kila wiki ni kukivua kisu nguo.

Vidoa vya kutu vimetokea baada ya kazi

Kisu hakikuwahi kushika kutu, umekisugua kikapendeza, na baada ya siku tatu kina vidoa vyekundu. Sababu ya kwanza ni nyuzi za chuma za kusugulia, au brashi ya waya. Huacha vumbi la chuma cha kawaida ndani ya mikwaruzo, na vumbi hilo ndilo linaloshika kutu. Sababu ya pili ni kuishia kwenye namba ya chembe kubwa: mistari ya P220 hushika maji na chumvi kuliko ya P800. Ya tatu ni klorini ya dawa za kufulia na mashine ya kuoshea vyombo. Chuma kisichoshika kutu hulindwa na utando mwembamba wa oksidi ya kromi unaojijenga wenyewe penye hewa; kloridi huutoboa na kuanzisha vishimo.

Tandika unga wa kusafishia wenye asidi ya oksaliki uliolowanishwa, kwa dakika moja hivi, ukivaa glavu, kisha sugua kufuata mistari na suuza kwa maji mengi. Vikibaki vitundu vyeusi kama vya sindano, hivyo ni vishimo. Hesabu yake ni ile ya mkwaruzo unaonasa ukucha, na jibu lake mara nyingi ni lile lile: viache, kausha kisu kila baada ya kuosha. Paka mafuta ya madini yanayoruhusiwa kwa vyombo vya chakula, si mafuta ya kupikia, ambayo huchacha na kunata.

Mawimbi ya chuma cha tabaka yametoweka

Mawimbi hayo hutokana na tabaka za chuma zinazoliwa na asidi kwa viwango tofauti. Msasa huzisawazisha na tofauti ikapotea. Kama tabaka ni za kweli, yatarudi. Kama yalichapwa juu ya chuma kimoja, yameondoka moja kwa moja, na ukaguzi ni rahisi: tazama mgongoni. Mawimbi yaliyochapwa hayavuki mgongo.

Piga msasa hadi P1000 au P1500, osha, futa kwa spiriti, na usiguse tena bapa kwa kidole, maana alama ya mafuta itabaki kama doa. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha. Ndani ya chombo cha plastiki au kioo weka maji sehemu 3, kisha ongeza feriki kloraidi ya maji sehemu 1. Zamisha bapa bila mpini dakika 5, toa, tazama, rudia hadi weusi utoshe. Tumbukiza kwenye maji yenye bikabonati ya soda ili kuua asidi, suuza, kausha. Pigo jepesi la P2000 juu ya kibao kigumu litang'arisha tabaka zilizoinuka na kuacha za chini nyeusi. Usimwage mchanganyiko kwenye sinki la chuma, utalila pia.

Nembo imefutika

Nembo iliyochorwa kwa leza au asidi ni ya juu juu, na P400 huila kwa mapigo machache. Kuifunika kwa tepu huiokoa, ila huacha kisanduku cha bapa la zamani katikati ya jipya. Amua mapema. Iliyogongwa kwa muhuri imezama zaidi na huvumilia.

Sura imerudi lakini kisu hakikati

Hilo linatarajiwa: uliua makali, au msasa ulipita juu ya ukingo ukauviringa. Noa kama kawaida, tepu ikiwa kwenye bapa, kinoo cha 1000 kwanza, kisha cha 3000 au zaidi ukipenda. Bandua tepu kwa kuivuta kutoka mgongoni kuelekea makalini, isijikate ikakuachia gundi. Kisha osha kisu mara mbili kwa maji ya moto na sabuni, hasa kwenye kiungo cha bapa na mpini ambako tope la chuma na dawa ya kung'arishia hujificha, na futa kwa karatasi nyeupe. Karatasi ikitoka na weusi, osha tena kabla kisu hakijagusa chakula.